Mama Bado Hatoi Mkono

Kwenye wodi ya wazazi jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika. Madaktari, wauguzi, wafagizi, hata walinzi wa getini, wote walimwita Mama Bado. Jina hilo alipewa na wanawake aliowazalisha. Mwanamke yuko kitandani, jasho linamtiririka, anataka kusukuma kabla ya wakati, na mkunga huyu mfupi, mnene kiasi, mwenye goti bovu la kushoto, amemshika mkono, sauti yake haipandi wala haishuki: "Bado, mwanangu. Bado. Wakati ukifika nitakwambia." Wengine walimtukana. Wengine walimng'ata. Yeye alisimama palepale na bado yake mpaka mtoto akalia.

Alikuwa amevuka hamsini, mjane, watoto wamekua na kutawanyika, isipokuwa kitinda mimba wake, mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa akiishi naye huku akijiandaa kuoa.

Snuka, mchezo wa kutumbukiza mipira mezani kwa fimbo, ilimwingia kwa bahati tu. Katika chumba wanachopumzikia wakunga palikuwa na televisheni iliyotundikwa juu kabisa, karibu na dari, mahali pasipofikika bila ngazi. Rimoti yake ikapotea. Kila mtu akamshuku mwenzake, makabati yakapekuliwa, rimoti haikuonekana, na televisheni ikabaki imeganda kwenye stesheni moja ya michezo. Siku za mpira wa miguu chumba kilijaa. Siku nyingine zilikuwa za baiskeli, za vishale, na za wanaume waliovaa vizibao wakiizunguka meza kubwa ya kijani. Wauguzi vijana waliuita mchezo huo "msiba," maana wachezaji walivaa kama wanakwenda kuzika, na watazamaji walinyamaza kama wafiwa.

Mama Bado alianza kuutazama huku akinywa chai. Kilichomvuta mwanzoni wala si mipira, ni ukimya. Tangu azaliwe alikuwa hajaona wanaume wawili wakikaa chumba kimoja mchana kutwa bila hata mmoja kumkatiza mwenzake. Halafu akaanza kuuliza maswali kichwani mwake na kuyajibu kwa macho. Kwa nini mipira myekundu haitolewi tena ikishatumbukia kwenye mifuko ya meza, lakini ya rangi inatolewa na kurudishwa mezani? Kwa nini kila baada ya mwekundu lazima ifuate rangi? Kwa nini wote wanaupapatikia mweusi? Akaelewa kuwa mwekundu una pointi moja, mweusi saba, na rangi nyingine zimepangana katikati. Akaelewa kuwa wekundu wote wakiisha, rangi hufuatana kuanzia ya njano, iliyo ndogo, mpaka mweusi, ulio mkubwa. Na siku alipomwona mchezaji anaacha kutumbukiza mpira rahisi, badala yake anausukuma mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, polepole hadi nyuma ya mpira mwingine ili mwenzake asione pa kupiga, Mama Bado aliweka kikombe chini.

"Kamficha!" alisema kwa sauti. "Mmemwona? Kamficha mtoto wa watu!"

Wauguzi walicheka. Mmoja akamuuliza, "Mama Bado, na wewe umeshaingia msibani?"

"Nimeingia, na sitoki."

Akajipatia na mtu wa kumshangilia. Alikuwa mchezaji wa makamo kutoka nchi ya mbali, jina lake halitamkiki, ana paji la uso lililochomoza kama kona ya nyumba. Mama Bado akamwita Komwe. Komwe aliwahi kuwa mkali zamani. Sasa vijana walikuwa wakimfunga raundi za mwanzo, tena vijana ambao, kwa hesabu za mkunga, walikuwa bado kwenye nepi siku aliyoshinda kombe lake la mwisho. Lakini Mama Bado alimpendea kiti. Katika snuka, ukikosa, unakwenda kukaa. Humkimbilii mwenzako kumnyang'anya mpira, humpigii mwamuzi makelele. Unakaa kwenye kiti chako, fimbo mkononi, unatazama unavyomalizwa taratibu. Wengine wakikaa pale walijiinamia, wakajifunika taulo, wakatazama viatu vyao. Komwe alikaa wima. Alitazama kila mpira ukiingia, na zamu yake ikija alinyanyuka kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Komwe wako kapigwa tena," wauguzi walimtania.

"Kapigwa, hajafa," alijibu.

Mwanawe akamwonyesha jinsi ya kufuata matokeo kwenye simu. Tangu hapo akawa anajua nani kacheza na nani, nani kapanda, nani kashuka, na jinsi Komwe alivyohangaika kwenye michujo ya kumbi ndogo zisizo na watazamaji. Mwanawe aliona ni kichekesho kizuri cha mama, kama mama wengine wanavyopenda tamthilia. Hakujua kwamba kichekesho kile kina miguu.

Mjini kwao palikuwa na klabu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati na misumari. Dirishani pameandikwa kwa rangi iliyobanduka: michezo ya ndani. Mama Bado alikuwa amepita chini yake maisha yake yote akidhani ni mahali pa kunywea. Jioni moja akitoka kazini, bado amevaa viatu vyake vyeupe, akasikia kwa juu mlio mdogo mkavu wa mpira kugonga mpira. Mlio aliujua. Akashika ukuta, akapanda ngazi, goti likilalamika kila hatua.

Ndani palikuwa na meza tatu ndogo za puli zilizozungukwa na vijana, na kule mwisho, chini ya taa zake zenyewe, meza moja kubwa ya snuka. Kwenye televisheni meza ile ilionekana kama zulia. Sasa akaiona ilivyo: pana kama chumba, miguu minene kama ya tembo, kitambaa chake kimenyooka bila hata kunyanzi moja. Alisimama akaitazama kama mtu anayemwona ndugu aliyekuwa akimjua kwa picha tu.

Karani wa klabu akamjia mbio. "Karibu, mama. Unamtafuta nani? Nikuitie mzee?"

"Mzee gani?"

"Si mumeo? Wakija wakina mama hapa, huwa wamewafuata wazee wao."

"Wangu yuko makaburini, na huko hakuna meza. Nimekuja kujifunza ile." Akaielekeza kidole.

Vijana wa puli wakasimamisha mchezo. Mwenyekiti wa klabu, bwana mmoja mrefu mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akipaka chaki fimbo yake, akatabasamu kwa upole ule unaokera kuliko tusi. Akaeleza kuwa meza kubwa ni ya wanachama na wageni wao. Kwamba kitambaa kile ni cha thamani, na mtu asiyejua akikichana ni hasara kwa wote. Kwamba kama mama angependa kukaa na kutazama, viti vipo, na soda atapewa.

"Nimeshatazama vya kutosha," Mama Bado alisema.

"Basi ndiyo hivyo, mama. Bila mwanachama wa kukuleta, utaratibu hauruhusu."

Hapo likatokea jitu kutoka pembeni, shingo kama gogo, mikono inanuka sabuni. Alikuwa mwuza nyama wa barabara ya chini, na watu walimwita Bucha. "Huyu mgeni wangu," akasema.

Mwenyekiti akamgeukia. "Tangu lini?"

"Tangu siku mapacha wangu walipokuja na mmoja akatanguliza miguu. Mke wangu yu hai kwa sababu ya mikono ya mama huyu. Mikono iliyomgeuza mwanangu tumboni haitashindwa kushika kijiti. Mama Bado, karibu."

Utaratibu ukaruhusu.

Siku ya kwanza hakucheza mpira hata mmoja wa rangi. Bucha alikuwa mwalimu mkali. Akaweka mpira mweupe kwenye mstari, akamwambia aupige uende moja kwa moja mpaka mwisho wa meza, ugonge ukuta wa meza, urudi na kugusa ncha ya fimbo yake. Basi. Ilionekana kazi ya mtoto. Mpira ulikwenda kushoto. Ukaenda kulia. Mara moja ncha ya fimbo iliteleza, mpira ukaruka kama chura, ukavuka ukingo wa meza, ukadundadunda sakafuni mpaka miguuni mwa mwenyekiti. Vijana wa puli walicheka wakashika matumbo.

"Niletee mpira wangu, mwanangu," Mama Bado alimwambia aliyecheka zaidi. Kijana akauleta. Mama akauweka kwenye mstari tena.

Shida zake zilikuwa nyingi. Goti la kushoto, ambalo mchezaji hulikunja mbele anapoinama, halikukunjika. Bucha akamsimamisha miguu imenyooka, ameipanua kama anayezuia mlango usifunguke. Ufupi wake ukamnyima nusu ya meza. Ikambidi azoee fimbo ndefu yenye kichwa cha msalaba, ambayo juu yake mtu huegemeza fimbo ya kupigia pale mkono usipofika. Wale vijana wakaiita fimbo ya bibi. Gauni nalo likawa linagusa mipira, jambo ambalo ni kosa. Akaanza kuvaa suruali zake za wodini, za kijani, na meza ikifanana nazo watu wakasema ameshonewa kwa kitambaa kilichobaki. Yeye aliwaacha waseme. Kidevu chake kilipata alama ya kahawia kwa kusugua fimbo, na nyumbani mwanawe akamuuliza kama ameungua.

"Hii ni alama ya kazi," alisema, na hapo ndipo akamweleza.

Mwalimu wa hesabu hakucheka safari hiyo. "Mama, unakwenda klabu? Ile ya juu ya duka la mabati?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Watu wanakuona?"

"Nisipoonekana nitajuaje kama nimefika?"

Kijana akarudi kwenye madaftari ya wanafunzi wake. Lakini mji mdogo una masikio mengi. Haukupita muda mrefu, habari ikawafikia wakwe watarajiwa kwamba mama wa bwana harusi anashinda klabu na wanaume, amevaa suruali, anainama juu ya meza. Na kama ilivyo ada ya habari, kila aliyeibeba aliiongezea chumvi. Ilipofika kwa mama wa binti, Mama Bado alikuwa anakunywa, anavuta sigara na anacheza kamari.

Jumapili moja alasiri kaka yake mkubwa akaja. Kaka huyu alikuwa fundi saa, mtu wa sentensi fupi, ambaye tangu baba yao afariki ndiye aliyeamua nani aozwe, nani asomeshwe, nani asamehewe. Alikaa kiti cha sebuleni kilichotazama mlango. Mwalimu wa hesabu akakaa karibu naye, anatazama magoti yake.

"Mdogo wangu," kaka alianza, "mimi sikuja kugombana."

"Karibu chai, kaka."

"Chai baadaye. Wakwe wamelalamika. Wana haki. Mwanamke wa umri wako, mtu wa heshima zake, mkunga wa mji mzima, leo anainama mbele ya wanaume kusukuma vigololi. Mtoto anataka kuoa. Wewe unataka kumharibia?"

Mama Bado alimgeukia mwanawe. "Nakuharibia?"

"Mama, si mimi. Ni watu..."

"Nimekuuliza wewe. Watu nitawauliza siku yao."

"Ningeomba tu... mpaka harusi ipite."

"Umesikia?" kaka akadakia. "Hakuna aliyesema milele. Acha kwanza. Harusi ikipita tutaona."

Mama Bado alimgeukia kaka yake. Katika maisha yake yote hakuwahi kumkatalia kaka huyu usoni. Alipotaka kusomea udaktari, kaka alisema ukunga unamfaa, akaenda ukunga. Alipofiwa, kaka alisema asiolewe tena, watoto watateseka, akakaa. Hakujuta yote. Lakini yote aliyakumbuka.

"Kaka," alisema, "mimi nimeinama mbele ya watu tangu nina miaka ishirini. Nimeinama mbele ya damu, mbele ya kinyesi, mbele ya watoto wa watu waliokufa kabla hawajaitwa jina. Nimeinama usiku na mchana, na hakuna mkwe aliyekuja hapa kulalamika kwamba mgongo wangu unamtia aibu. Leo nimeinama kwa ajili ya kitu ninachokipenda, ndiyo mgongo umekuwa wa watu?"

"Usinipandishie sauti."

"Sijaipandisha. Hii ndiyo sauti yangu, ila hukuizoea."

Fundi saa alisimama. Alisema maneno ambayo kaka wote wakubwa huyasema, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kwamba asije akalia kwake. Chai hakuinywa. Mlangoni akageuka. "Basi harusini nisikuone umekaa karibu nami."

"Viti vipo vingi, kaka. Nitachagua."

Alipoondoka, Mama Bado akaketi chini, kwenye sakafu. Mwanawe akaja akapiga magoti mbele yake. "Samahani, mama," akanong'ona. Kisha akamshika kichwa, akamwambia, "Mwambie mchumba wako aje aniulize mwenyewe. Akija na swali lake nitamjibu. Akija na la mama yake, simjibu." Binti alikuja baada ya wiki. Aliuliza kama ni kweli kuna kamari. Alipojibiwa kuwa hakuna, akaomba achorewe meza na kuonyeshwa mipira inavyopangwa. Hilo likaisha, ingawa mama wa binti hakuisha.

Klabuni nako mambo yakakaza. Mama Bado alikwenda kwa mwenyekiti na kusema amechoka kuwa mgeni wa Bucha, anataka uanachama. Mwenyekiti akatabasamu tabasamu lake. Akasema uanachama wa meza kubwa ni wa wanaojua kucheza. Yeye bado anajifunza.

"Nitajulikana vipi kama najua?"

"Kwa mashindano, mama. Mashindano ya klabu yako wazi. Wageni pia huingia." Akacheka. "Ila ni mbele za watu."

"Niandike."

Kura ilipopigwa, akapangiwa mwenyekiti mwenyewe. Wengine walisema ni bahati mbaya. Bucha alisema kura ile ilipigwa kwa mkono wenye macho. Mama Bado hakutaka kujua. Alichofanya ni kuongeza mazoezi. Kutumbukiza mipira ya mbali hakuweza, na alijua hatakuja kuweza kwa muda ule. Lakini jambo moja alilijua kwa kutazama mchana baada ya mchana chini ya ile televisheni isiyobadilishwa: kuficha. Akamwambia Bucha, "Nifundishe kupiga polepole. Polepole kabisa, kama unayemfunika mtoto aliyelala." Bucha akamfundisha mpaka akachoka yeye.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa, wengi wakiwa wamekuja kucheka. Wauguzi watatu wa zamu ya asubuhi walikuja na sare zao, wakasimama dirishani. Mwanawe alikuja na mchumba wake, wakakaa nyuma kabisa. Kaka hakuja, wala hakutegemewa.

Kwa taratibu za klabu, anayeanza kujifunza hupewa pointi ishirini kabla ya mchezo. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mama yetu mpeni arobaini."

"Nipeni ishirini," Mama Bado akasema. "Za kila mtu. Huruma zenu wekeni."

Mshindi ni atakayetwaa gemu mbili. Gemu ya kwanza mwenyekiti aliimaliza upesi, kama anayefagia uwanja. Mama Bado alitumbukiza wekundu watatu na mmoja wa bluu, basi. Muda uliobaki alikaa. Alikaa wima, fimbo kati ya magoti, akitazama kila mpira unaoingia, na waliomjua wodini waliona kuwa uso wake haukubadilika.

Gemu ya pili ilikwenda vilevile, ila taratibu zaidi. Mwenyekiti alianza kukasirika kidogo, maana kila alipotaka kupiga alikuta mpira mweupe umebanwa kwenye ukuta wa meza au umejibanza nyuma ya kitu. Hata hivyo alipata. Wekundu wakaisha. Zikabaki rangi sita tu, zote kwa pamoja pointi ishirini na saba, na mwenyekiti alikuwa mbele kwa thelathini na mbili. Katika snuka, ikifika hapo, aliye nyuma humpa mwenzake mkono na watu wakaenda zao. Huo ndio ustaarabu. Hata akitumbukiza yote, hafiki.

Mwenyekiti akaegemeza fimbo yake ukutani, akanyoosha mkono. "Asante, mama. Umejitahidi sana."

Watu wakaanza kupiga makofi. Wengine walishanyanyuka.

Mama Bado hakuutazama ule mkono. "Wa njano uko wapi?"

"Uko pale, lakini..."

"Na mweusi?"

"Pale. Mama, hesabu imekataa."

"Mwanangu ni mwalimu wa hesabu, angenambia. Zamu ya nani?"

Mwamuzi, seremala mmoja mpole aliyevaa glavu nyeupe kwa heshima ya siku ile, akakohoa. "Zamu ni ya mama."

"Basi bado," Mama Bado akasema, na wauguzi kule dirishani wakapiga kelele kama wametekenywa.

Aliinama, miguu imenyooka, kidevu juu ya fimbo. Hakujaribu kuutumbukiza wa njano. Aliugusa ubavuni, kidogo tu. Wa njano ukajikokota kwenda zake mbali. Mweupe ukasogea hatua ya mtoto na kusimama nyuma ya ule wa kahawia. Waliokuwa wamenyanyuka wakakaa tena. Mwenyekiti akaichukua fimbo yake ukutani. Alizunguka meza, akapiga kwa kudundisha kwenye ukuta wa meza, akakosa kuugusa wa njano. Asiyeugusa mpira wa zamu humpa mwenzake pointi: nne kwa mama. Mama Bado akarudia: akaugusa wa njano, akauficha mweupe, safari hii nyuma ya wa bluu. Mwenyekiti alipiga kwa hasira, akaugonga wa bluu wenyewe. Pointi tano kwa mama. Sasa hesabu ilikuwa imekubali.

"Mwanamke huyu," alisikika kijana mmoja wa puli, yuleyule aliyecheka zaidi, "mwanamke huyu ana roho ngumu."

Mama Bado akautumbukiza wa njano. Akakosa wa kijani. Mwenyekiti naye akakosa. Mama Bado akauingiza. Akauingiza wa kahawia kwa fimbo ndefu, ile fimbo ya bibi, na hakuna aliyetamka jina hilo. Akauingiza wa bluu mfuko wa katikati, na Bucha akaziba mdomo kwa mikono yake miwili mikubwa. Ilibaki mipira miwili, wa waridi na mweusi, na akiipata yote ameshinda. Wa waridi ulikuwa mbali, karibu urefu wote wa meza. Hakukuwa na pa kuficha. Akapumua, akapiga. Mpira ulikwenda vizuri, vizuri kabisa, ukafika mdomoni mwa mfuko, ukatikisika kwenye kona mbili, ukasimama nje.

Ukumbi mzima ulitoa sauti moja. Yeye akaenda kwenye kiti chake, akakaa wima.

Mwenyekiti akautumbukiza. Ukabaki mweusi peke yake, na mweusi mmoja haukutosha tena. Mama Bado alitazama meza, akahesabu mwenyewe, asije akaambiwa na mtu. Kisha akasimama, akamwendea mwenyekiti, akanyoosha mkono wake. "Sasa imekwisha," akasema. "Umeshinda, baba."

Kiganja cha mwenyekiti kilikuwa kimelowa.

"Na Jumatatu nakuja kwa ule uanachama," Mama Bado akaongeza bila kumwachia mkono. "Ulisema wa wanaojua kucheza. Kama sijui, waulize hawa."

Wanachama walipokutana, mikono iliyoinuliwa ilitosha. Mwenyekiti hakuinua wake. Alisema kwa ukali kuwa klabu inapoteza sura, na wanachama wawili wakaacha kuja kwa sababu hiyo. Hilo Mama Bado hakulilia. Alijua kuwa mlango ukifunguliwa, upepo hauingii bila kupeperusha karatasi za mtu.

Harusi ikafanyika. Mama wa binti alimsalimia kwa ncha za vidole. Fundi saa alikaa mstari wa mbele, Mama Bado akachagua kiti mstari wa pili, nyuma yake kabisa, na shughuli nzima kaka hakugeuza shingo. Mwaka ule hawakusemezana. Komwe naye akatolewa kwenye michujo na kijana ambaye hajaota ndevu. Magazeti ya michezo yakaandika kuwa wakati wake wa kustaafu umefika. Yeye akasema atarudi msimu ujao. Mama Bado alisoma habari hiyo kwenye simu mara mbili, akaenda kuwasomea wauguzi kwa sauti.

Siku moja simu yake ililia akiwa klabuni, chaki mkononi. Alikuwa kaka. Alianza na hali, akaja kwenye afya, akazunguka kwenye goti la mdogo wake. Halafu, kama jambo lililompitia tu, akauliza, "Na kule, bado unakwenda?"

"Niko huku sasa hivi."

"Unashinda?"

"Nafungwa sana, kaka. Zamu yangu imefika, nitakupigia."

Akaizima simu, akaiweka mfukoni mwa suruali yake ya kijani, akainama mezani.